Bahati ya Nyumba Haiuzwi Chupani

Mpenzi msomaji, ukifika kwa mtu na kuona chupa imening'inizwa juu ya mlango wake, ndani yake maji ya rangi ya kahawia, kauri mbili na kipande cha uzi mwekundu, je, utauliza au utanyamaza? Mimi nilinyamaza. Nilijiambia kwamba mgeni haoni kila kitu, na isitoshe nilikuwa nimechoshwa na safari. Lakini tangu siku hiyo chupa ile haijanitoka akilini, na ndiyo sababu leo nimeonelea tuizungumze, wazazi kwa vijana, kabla chakula cha mchana hakijaandaliwa.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Nilipanda matatu hapa Kisumu, tukapita Bondo, tukashuka Usenge, mji mdogo wa wavuvi ulioko Yimbo, Kaunti ya Siaya. Enyi mlioko Nairobi, Nakuru na kwingineko, ambao ziwa mnalijua kwa kula mbuta hotelini, haidhuru niwape picha kidogo. Mbele yako kuna ziwa lenye ukubwa wa kilomita mraba zipatazo 68,800, na Kenya yetu ina takribani asilimia 6 tu ya hilo. Nyuma yako kuna vilima. Na si mbali na hapo upo mlima Got Ramogi, mahali ambapo masimulizi ya Wajaluo yanasema Ramogi na watu wake walijenga boma lao la kwanza walipoingia nchi hii, karne kadhaa zilizopita. Kwa hiyo mtu anayetaka kuzungumza habari za bahati ya nyumba, akifika huko amefika mlangoni penyewe.

Nyumba yenye chupa ni ya binamu yangu. Sitamtaja jina, maana ana watoto wanaosoma gazeti. Ni mvuvi hodari, mtu wa kuamka usiku wa manane, wala si mlevi. Lakini mwaka huo mambo yalimwendea mrama. Injini ya mashua iliharibika, wavu ukaibwa, na mara mbili alirudi pwani na samaki wasiotosha hata kulipia mafuta. Ndipo alipotokea mtu mmoja, aliyejiita tabibu kutoka mbali, akamwambia kwamba nyumba yake imefungwa, na kwamba mgeni mwema wa kuleta riziki anashindwa kuingia. Dawa ya kumkaribisha ilikuwa ile chupa. Bei yake, shilingi 18,000, ilipwe kwa simu.

Fedha hizo zilikuwa karo ya binti yake wa kwanza, aliyekuwa sekondari ya bweni. Nilipofika nilimkuta msichana huyo nyumbani anaanika omena, wakati shule nyingi zilikuwa bado hazijafunga. Nilimuuliza kwa nini. Akatazama chini, akasema, "Nimerudishwa, lakini nitaenda." Hakuongeza neno.

Sasa, msomaji wangu, usikimbilie kucheka. Ni rahisi kwa sisi wa mjini kusema kwamba hao ni watu wa mashambani. Hebu pita katika mitaa yako uone matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za stima: kurudisha mpenzi, kupata kazi, kuvuta wateja dukani. Yasingebandikwa kama hayana wanunuzi. Na mimi mwenyewe, nilipohamia nyumba mpya Kisumu, nilinyunyiza chumvi pembe nne za sebule kwa sababu jirani aliniambia. Sikumwambia mtu. Leo nimewaambia nyote.

Kusema kweli, imani ya kwamba nyumba ina wakazi wengine wasioonekana si ya Usenge peke yake, wala si ya Afrika peke yake. Waroma wa kale walikuwa na Lares, walinzi wa nyumba, na familia iliwawekea sehemu ya chakula. Warusi walisimulia habari za domovoi, kizee mwenye nywele nyingi anayekaa karibu na jiko. Familia ikihama, mama wa nyumba huchukua makaa kutoka jiko la zamani, akayatia katika chungu na kumwomba babu huyo kwa maneno mazuri aje naye nyumba mpya. Huko Lithuania watu walimtunza nyoka asiye na sumu karibu na nyumba na kumpa maziwa, wakiamini kumuua ni kuita balaa. Na katika Japani ya kaskazini kuna habari za zashiki-warashi, roho yenye sura ya mtoto, ambayo Yanagita Kunio aliandika juu yake katika kitabu chake cha mwaka 1910. Nyumba inayokaliwa na mtoto huyo hustawi. Siku akionekana anatoka, majirani hujua kwamba utajiri wa nyumba ile umefika mwisho.

Turudi kwetu. Kwa Wajaluo wa zamani, nyumba haikuwa kuta na paa tu. Mtu aliyetaka kuanzisha boma lake alitoka alfajiri na mwanawe wa kwanza na mkewe, wakiwa na jogoo, shoka na moto. Kibanda cha kwanza kilipaswa kusimama siku hiyo hiyo. Tazama basi jinsi wanadamu walivyo ndugu: mama wa Kirusi na makaa yake katika chungu, mama wa Yimbo na moto wake, kila mmoja anahamisha jiko kabla ya kuhamisha kitanda. Waliotangulia nao hawakuwa mbali. Mtoto mchanga alipolia bila kunyamaza, wazee walitaja majina ya jamaa waliofariki, moja baada ya jingine, na jina ambalo mtoto alinyamaza lilipotajwa ndilo alilopewa. Jina la namna hiyo liliitwa nying juogi, jina la roho. Babu alirudi nyumbani kwa njia ya jina.

Pwani nako kuna mambo yake. Nani hajaambiwa asifagie nyumba usiku, eti anafukuza riziki? Mwalimu wangu mmoja wa kutoka Mombasa alitueleza kwamba zamani za koroboi, aliyefagia usiku aliweza kuitupa pete au sarafu pamoja na takataka, hivyo mwiko ule ulikuwa na akili ndani yake. Udi na ubani hufukizwa ili nyumba inukie na kila kilicho chema kiingie. Wamijikenda nao walikuwa na fingo, kinga iliyofukiwa katika makaya yao, yale makazi ya kale ndani ya misitu ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Lakini angalia: fingo la kaya lilikuwa la watu wote. Halikuwa la mtu mmoja aliyelinunua ili amshinde jirani yake.

Na bahati ya ziwa je? Ng'ambo ya pili, Waganda walimheshimu Mukasa, roho mkuu wa ziwa, aliyekuwa na hekalu katika kisiwa cha Bubembe, visiwa vya Ssese. Kwake waliomba samaki, watoto na salama ya safari. Huku kwetu, Nyakach, wazazi wetu wanamkumbuka Omieri. Huyo alikuwa chatu. Wenyeji waliamini kwamba akionekana, mvua itanyesha na mavuno yatakuwa mema. Mwaka 1987 aliungua katika moto wa nyasi, na habari zake zikaenea nchi nzima. Alitibiwa, lakini hakupona, na wengi walimlilia kama mtu. Kisha mwaka 2003 chatu mwingine, mwenye mayai, alionekana pale Wasare, na watu wakasema, "Omieri amerudi." Wageni walimiminika kwenda kumtazama. Wengine waliona baraka, wengine wakasema huyo ni nyoka tu.

Mimi nasema hivi: chatu hana sumu, na chakula chake ni pamoja na panya wanaomaliza nafaka shambani. Mkulima asiyemuua chatu amejipatia mlinzi bila mshahara. Wazee hawakuandika vitabu vya elimu ya viumbe. Walisema "ni bahati, msimguse," na watoto wakaelewa.

Si kila kinachotoka ziwani hukaribishwa, lakini. Unajua habari za Nyawawa? Usiku fulani, upepo ukivuma kwa namna ya ajabu, husikika mtu wa kwanza akigonga sufuria. Kisha jirani naye anagonga, halafu mtaa mzima, mabati, madebe, milango, ili roho zinazopita hewani zisiingie nyumbani bali zirudi ziwani. Nimeyasikia hapa hapa Kisumu, katika nyumba zenye televisheni na shahada ukutani. Wengine hueleza kwamba ni makundi ya ndege yapitayo usiku. Iwe ndege, iwe upepo, usiku huo hakuna anayelala akidhani yuko peke yake. Kila mtu anasikia kwamba jirani yake yupo macho.

Jioni ile pale Usenge tulikaa kwa nyanya yetu, ambaye kwa Kijaluo tunamwita dani. Binamu yangu alikuwapo, mkewe, binti yule na wadogo zake. Dani ana umri mkubwa na macho yake yamefifia, lakini masikio yake ni mazima. Habari za chupa alikuwa amezisikia zote. Hakumgombeza mtu. Alimwita yule msichana akae karibu naye, akasema, "Nyakwara, mjukuu wangu, nipe mkono wako nikusimulie habari za Nyamgondho." Sote tulikuwa tumeisikia hadithi hiyo tangu utotoni. Lakini nani atamkataza mzee?

Nyamgondho mwana wa Ombare alikuwa mvuvi maskini wa Gwassi, upande wa kusini wa ziwa, ambako leo ni Kaunti ya Homa Bay. Siku moja alikwenda kutazama mtego wake, akakuta hakunasa samaki. Amenasa mwanamke mzee, mwenye sura isiyopendeza. Nyamgondho akataka kukimbia. Mama yule akamsihi asimwache, amchukue nyumbani. Akamchukua. Kulipokucha, boma la maskini lilikuwa limejaa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Nyamgondho akawa tajiri, akaoa wake wengine, akajulikana nchi nzima. Kisha akazoea. Usiku mmoja alirudi kutoka kwenye pombe, akakuta lango limefungwa, akaita, na alipochelewa kufunguliwa akamtukana mama yule, akamkumbusha kwamba alimwokota ziwani. Mama hakujibu. Asubuhi alisimama, akatoka, akaelekea majini, na wanyama wote wakamfuata, mpaka wa mwisho. Nyamgondho akabaki ameegemea fimbo yake, akitazama, na pale pale akageuka mti. Huko Nyandiwa wenyeji bado huonyesha mahali penyewe.

Dani aliponyamaza, aliuliza, "Nyamgondho alikosa wapi?"

Mdogo mmoja akajibu haraka, "Pombe!"

"La," akasema dani. "Ziwa limeona walevi wengi. Mama yule alivumilia pombe siku nyingi. Kilichomfukuza ni neno." Kisha akamgeukia binamu yangu. "Wewe, mwanangu, huyo mgeni wa riziki unayemngoja aingie kwa chupa, je, aliyemo ndani tayari umemfanyia nini?" Akauinua mkono wa yule msichana aliokuwa ameushika.

Hakuna aliyesema kitu. Binamu yangu aliinuka, akatoka nje. Nilimwona akisimama gizani kwa muda mrefu, akitazama taa za wavuvi wa omena zinavyometa majini.

Nami nilikuwa karibu kujisifu moyoni kwamba mimi si mjinga kama yeye, ndipo mke wake, shemeji yangu, aliponiambia polepole tulipokuwa tunaosha vyombo, "Alikupigia simu kabla ya kumwendea yule mtu. Mara tatu. Alitaka umkopeshe ya kutengenezea injini."

Msomaji, nilikumbuka. Niliona jina lake kwenye simu. Nikasema moyoni, huyu naye hakosi kuomba, nikaigeuza simu kifudifudi juu ya meza na kuendelea kula. Nilifanya hivyo mara tatu.

Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la mviringo liitwalo Simbi Nyaima. Wataalamu wanasema lilitokana na volkano, na maji yake ni ya magadi. Lakini wenyeji husimulia kwamba palikuwa na kijiji, watu wake wakifanya karamu, akaja mwanamke mzee mwenye njaa na baridi, wakamfukuza mlango kwa mlango. Mama mmoja tu ndiye aliyemkaribisha. Usiku ule mvua ilinyesha na kijiji kikazama, na aliyesalimika ni yule mama aliyemfungulia. Tangu utoto nilidhani mimi ni wa nyumba ile iliyofungua mlango. Usiku ule Usenge niliosha sahani na kutafakari upya.

Hebu sasa tuziweke hadithi hizi pamoja. Domovoi huombwa kwa maneno mazuri. Mtoto wa Kijapani huja na kuondoka apendavyo. Omieri hakuitwa na mtu. Mama wa Nyamgondho na mama wa Simbi walijileta wenyewe, tena wakiwa na sura ya watu wasiofaa kitu. Katika hadithi hizi hakuna hata moja ambapo bahati ilinunuliwa. Bahati ni mgeni. Mgeni hanunuliwi. Hukaribishwa, akatunzwa, asitukanwe. Yule anayekuuzia mgeni ndani ya chupa amekuuzia chupa.

Sikwambii uache imani yako. Mwenye kuomba kwa padri, kwa shehe au kwa mchungaji na aombe. Anayependa kufukiza ubani na afukize, nyumba itanukia vizuri. Nakupa tu machache niliyorudi nayo kutoka Usenge, na ambayo hayagharimu shilingi 18,000.

La kwanza, kilicho na kazi yake kisiguswe. Karo ni karo. Fedha ya kiingilio cha bahati ikitoka kwenye karo, basi umeuza bahati uliyokuwa nayo ili ununue usiyoijua.

La pili, mtu akikuahidi riziki na kukutaka ulipe kwanza, tena leo hii, tena kwa siri, mwulize mwenzako wa nyumbani kabla ya kubonyeza simu. Shemeji yangu alijua habari za chupa baada ya kuiona mlangoni. Siri ndiyo iliyomponza binamu, kwa kuwa mkewe angalimzuia.

La tatu, chungeni maneno wakati wa uchovu. Neno la "nilikuokota" halina dawa. Baba anaporudi bila kitu na mama anapokuwa na wasiwasi, huo ndio usiku ambao Nyamgondho hufika langoni. Subirini kukuche.

La nne, mkaribishe anayebisha, hata kama huna cha kumpa. Mpe maji, mpe kiti, mpe jibu. Ningaliweza kumwambia binamu yangu, "Sina zote, nina elfu mbili." Au hata, "Sina, lakini pole." Mtu aliyepewa pole na nduguye si rahisi akaitafute kwa mgeni anayelipisha.

La tano ni lenu wanafunzi. Waulizeni nyanya na babu zenu hadithi hizi mngali mnao, mziandike katika daftari, na mtaje mahali penyewe. Likizo moja inatosha kuandika nyingi.

Labda unataka kujua mambo yaliishaje. Shemeji aliuza mbuzi wawili, mimi nikaongeza nilichopaswa kuongeza tangu mwanzo, na mwalimu mkuu akakubali baki ilipwe kidogo kidogo. Msichana alirudi shule akiwa amekosa wiki tatu, naye ananiambia hesabu zimemwacha nyuma. Injini imetengenezwa. Samaki bado ni wachache, kwa maana samaki hawana habari na hadithi zetu. Chupa nayo ingali pale juu ya mlango. Binamu yangu anasema ataitoa, lakini mtu aliyelipa shilingi 18,000 hawezi kukitupa alichopewa siku moja, na mimi simlaumu.

Juzi usiku alinipigia simu. Niliichukua kabla haijalia mara ya pili. Moyo ulinidunda nikidhani kuna jambo. Hapakuwa na jambo. Alitaka kunijulia hali tu, tukazungumza habari za mvua na za dani, tukaagana.

Nami naagana nawe hapa, mpenzi msomaji. Tukutane Jumapili ijayo, Mola akitujalia. Na kama kuna simu uliyoigeuza kifudifudi wiki hii, bado mchana ni mrefu.